Nishani Huanzia Kwenye Karatasi

Wengi wetu hudhani kwamba askari akitenda jambo la kishujaa, nishani humfuata yenyewe. Sivyo. Tuitazame Nishani ya Pongezi ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, iliyoanza mwaka 1945 kama utepe tu. Hutolewa kwa ushujaa, kwa mafanikio ya pekee kazini au kwa utumishi uliotukuka, na majenerali hawapewi. Lakini kabla askari hajavishwa, sharti mtu anayelijua tendo lake akae, ajaze fomu, aeleze kilichotendeka, kisha pendekezo lipande ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha, ambaye kwa kawaida ni ofisa wa cheo cha kanali au zaidi. Kwa utaratibu wa kawaida, pendekezo hilo halina budi kuwasilishwa ndani ya miaka 2.

Basi askari ambaye mkubwa wake ni mvivu wa kalamu, au ana chuki naye, hurudi kwao kifua kitupu. Wakuu wa idara na walimu wakuu, ambao hujaza taarifa za utendaji za walio chini yao, wanalielewa jambo hili kuliko sisi.

Kalamu ikilegea nako ni balaa. Baada ya uvamizi wa Grenada mwaka 1983, jeshi hilo liligawa nishani zaidi ya 8,000, hali askari wake waliokanyaga kisiwa hicho walikuwa kama 7,000. Hata waliobaki ofisini Marekani walipata. Kwa maoni yetu, huko ni kuwapunja waliopigana.

Lakini dhuluma ya kunyima ni nzito zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani Weusi zaidi ya 1,000,000 walivaa sare, na vita vikaisha bila hata mmoja wao kupewa Nishani ya Heshima, iliyo kuu kupita zote. Mashujaa walikuwapo, haki ndiyo iliyokosekana katika majalada. Mwaka 1993 jeshi liliagiza uchunguzi, majalada yakafunguliwa upya, na tarehe 13 Januari, 1997, Rais Clinton akatoa nishani hizo 7. Sita zilipokelewa kwa niaba ya marehemu. Vernon Baker, aliyepigana Italia mwezi Aprili, 1945, alisimama kuvishwa yake akiwa na umri wa miaka 77.