Si Kila Homa Ni Malaria

Ipo desturi moja ninayoiona bwenini na nyumbani vilevile. Mtu hupata joto mwilini, akaumwa kichwa, na papo hapo akasema, "Nina malaria." Kisha humeza vidonge vilivyobakizwa na mwenzake. Hapimwi wala haulizi. Mimi nasema desturi hiyo ni mbaya, na nasema hivyo kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wa watu hao.

Likizo ya mwezi wa Juni nilikuwa nyumbani Chunyu. Mama alikuwa shambani kuvuna ufuta, nami nikaachiwa mdogo wangu wa miaka 4. Mtoto akashikwa na homa na kikohozi. Nikapekua sanduku langu, nikaona vidonge vya mseto nilivyobakiza nilipougua, nikampa. Jioni mama aliporudi aliniuliza, "Mwanangu, amepimwa?" Nikamjibu kwa majivuno, "Mama, hii ni malaria tu, dalili zake nimezisoma." Mama akaniamini, maana mimi ndiye msomi wa nyumba.

Siku ya tatu mtoto alikuwa akipumua mbio kama mtu aliyetoka kukimbia. Bibi, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyemtazama akasema, "Huyu kifua kinamvuta. Mpelekeni." Tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Tabibu alimchoma kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, akangoja kama robo saa. Malaria haikuonekana. Kisha akafunua fulana ya mtoto, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 56. Akatueleza kwamba mtoto mwenye kikohozi, wa mwaka 1 hadi 5, akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, yafaa kumdhania nimonia. Akampa dawa ya kwanza palepale, akatuandikia barua ya kwenda hospitali bila kukawia. Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini siku mbili zile nilizompotezea sitazisahau.

Basi, kosa langu lilikuwa nini? Si kwamba malaria haipo. Ipo, na huku kwetu Lindi twaijua sana. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba homa ni jina la ugonjwa. Homa ni kama mlio wa mbwa usiku: wakujulisha kwamba kuna kitu uani, lakini haukuambii kama ni fisi, mwizi au mgeni. Sharti utoke na taa ukatazame.

Wilaya yetu ya Ruangwa yenyewe imetoa ushahidi. Mwezi wa Julai 2022, huko Mbekenyera, watu walipatwa na homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wengi waliingiwa na hofu. Wataalamu walikuja, wakachukua vipimo, wakakuta si Ebola wala Marburg. Tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo kwa kitaalamu huitwa leptospirosisi. Mpaka siku hiyo wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikwisha kufa. Ugonjwa huo hutokana na mkojo wa wanyama, hasa panya, uliochanganyika na maji au udongo, nao huingia mwilini hata kwa mchubuko mdogo wa mguu. Ukiwahiwa hutibika kwa antibayotiki. Vidonge vya malaria haviuwezi.

Kadhalika jirani zetu wa uwanda wa Makonde, mwaka 1952 na 1953, walipata homa iliyowakunja viungo kwa maumivu. Ilipochunguzwa ilikuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, na leo dunia nzima huuita kwa neno la Kimakonde, chikungunya. Kama kila mtu angesema "ni malaria tu," ugonjwa huo ungebaki bila jina.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema zahanati iko mbali, foleni ni ndefu, na pengine mtu afika akaambiwa vipimo vimekwisha. Hayo ni kweli, na si haki kumlaumu mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Lakini dawa isiyo yake haifupishi safari hiyo. Huichelewesha tu, na mgonjwa hufika akiwa dhaifu zaidi.

Wengine watasema vidonge viwili vitatu havina madhara. Nao nawakumbusha habari ya klorokwini. Mwaka 2001 nchi yetu iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Mseto tulio nao sasa huliwa mara mbili kwa siku, siku 3 mfululizo. Mimi niliyebakiza vidonge sandukuni nilifanya makosa mawili: sikumaliza dozi yangu, kisha nikampa mtoto dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, sisi wa bwenini tuache kugawiana vidonge kama karanga. Anayeugua apelekwe kwa matroni siku hiyohiyo. Pili, mbele ya tabibu tuseme yote bila haya: homa ilianza lini, tulikuwa tukifanya kazi gani, tulioga maji gani, na dawa gani tumekwisha kumeza. Tabibu si mpiga ramli. Tatu, kipimo kikisema hakuna malaria, tusikasirike na kwenda kununua mseto dukani. Tuulize, "Basi ni nini?" Swali hilo ndilo mwanzo wa tiba.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Bibi yangu hajui kusoma, lakini alimtazama mtoto. Mimi nilisoma, nisitazame. Natumaini mwenzangu mmoja atakayesoma maneno haya, likizo ijayo, atatazama kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne