Nani kawatuma kuchungulia mzigo wangu?

Najua nimenyamaza wiki tatu nzima, na wachache wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kulikoni. Nipo, jamani. Nilikuwa nagombana na intaneti ya nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna shule moja ya upili ambayo hunialika nikawasaidie kufufua tarakilishi zao kuukuu. Mashine hizo haziwezi tena kuendesha Windows mpya, kwa hiyo huwa tunaziwekea Debian, ambayo ni programu huria na haina malipo. Safari hii nilitaka kuwapelekea toleo jipya. Alhamisi jioni nikafungua torenti ya faili ya kusakinishia, karibu gigabaiti 4. Mimi hulipia megabiti 20 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: nusu saa hivi, kazi imekwisha. Nikaenda kupika ugali.

Saa nne usiku, asilimia 6. Asubuhi, asilimia 31, na matatu ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili. Nikabeba diski ya flashi yenye toleo la zamani. Kule shuleni mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akasoma nambari kwenye skrini, akaniuliza, "Mwalimu, si ulituambia utaleta mpya?" Sikuwa na jibu.

Niliporudi nikaanza uchunguzi. Usiku tatu mfululizo, saa ileile, faili ileile. Kwa kivinjari, moja kwa moja kutoka kwenye seva: dakika thelathini na kitu. Kwa torenti kupitia VPN: dakika arubaini. Kwa torenti bila VPN: mwendo wa kobe. Nikawapigia simu watu wa huduma kwa wateja. Wakaniambia nizime ruta, ningoje sekunde thelathini, niiwashe. Nikauliza waziwazi: je, mnabana torenti? "Hapana, mtandao wetu uko sawa."

Mimi ni mtengenezaji programu, najua kwamba usiku tatu si ushahidi wa kwenda nao mahakamani. Huenda VPN ilipitia njia nyingine isiyo na msongamano. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yana historia.

Kwanza niwafafanulie wale wasiojua torenti ni nini. Mkumbuke shuleni, mwalimu ana karatasi moja ya maswali na darasa lina watu arubaini. Njia ya kwanza: kila mmoja apange foleni mbele ya mwalimu anakili. Njia ya pili: mwalimu ampe kila mwanafunzi ukurasa mmoja, kisha wabadilishane wao kwa wao. Njia ya pili ndiyo BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Faili hukatwa vipande, kila kipande kina alama yake ya uhakiki ili kisichakachuliwe, na kila anayepakua huwapakia wenzake vipande alivyo navyo. Kwa mradi kama Debian, unaotegemea watu wanaojitolea, hiyo ni baraka, maana mzigo unagawanywa kwa wengi badala ya kulemea seva chache.

Sasa twende Marekani, mwaka 2007. Robb Topolski, mtaalamu wa mitandao wa jimbo la Oregon, alikuwa mpenzi wa nyimbo za kale zinazoimbwa na wanaume wanne bila ala. Alitaka kuwagawia wengine rekodi hizo kwa njia ya kushirikiana faili. Zikawa haziendi. Akatumia programu ya kukagua pakiti, akagundua kitu cha ajabu. Katika TCP kuna ujumbe mfupi uitwao RST, ambao maana yake ni "nakata mawasiliano". Ujumbe huo ni wa kutumwa na tarakilishi moja kwa nyingine iliyo upande wa pili. Hapa mtoa huduma wake, Comcast, alikuwa akiutunga mwenyewe katikati ya njia na kuutuma, ukionekana kana kwamba umetoka kwa yule mwenzake.

Comcast ilikanusha kwamba inazuia chochote. Mwezi wa Oktoba 2007 shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake, likitumia faili ya Biblia ya King James, kitabu ambacho hakuna anayedai hakimiliki yake kule Marekani. Ikakwama vilevile! Wataalamu wa shirika la EFF nao wakapima wakathibitisha. Ndipo kampuni ikabadilisha wimbo: hatuzuii, tunachelewesha tu.

Niseme ninavyoliona mimi. Tuseme niko Nairobi na dada yangu yuko Kitale, tunatumiana vifurushi kwa basi. Kampuni ya basi ina haki ya kuniambia, "Leo buti limejaa, ngoja basi la saa nane." Ina haki ya kutoza kwa kilo. Sina ugomvi. Lakini tuseme karani wao anafungua kila kifurushi, na akikuta karatasi ndani, anaandika barua kwa mwandiko wangu: "Dada, usinitumie tena." Halafu anamwandikia na kwangu kwa mwandiko wake. Mimi na dada tunanuniana, kila mtu akidhani mwenzake ndiye mwenye kiburi, na kampuni inaendelea kutukatia risiti kama kawaida.

Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili halihusu kasi pekee. Linahusu uongo. Torenti ikikwama, mtumiaji hulaumu programu, hulaumu tarakilishi yake, hulaumu yule wa upande wa pili. Hamlaumu aliyekata uzi, kwa sababu aliyekata amevaa sura ya mtu mwingine. Na sisi watengenezaji programu tunakesha tukitafuta kosa kwenye msimbo wetu ambalo halimo.

Najua mtakachoniuliza. "Si torenti ni za wezi wa filamu?" Wapo, sikatai. Lakini wizi una sheria zake na mahakama zake. Kampuni ya intaneti si polisi, na mtambo wake haujui filamu iliyoibwa wala Debian ya wanafunzi. Unachotambua ni itifaki. Ndiyo maana ulikamata hata Biblia.

Swali la pili ni zito zaidi: je, wachache wakijaza bomba, wengine wafanye nini? Hapa niwape haki yao. Kwenye mitandao ya kebo kama ya Comcast, njia ya kupakia ilikuwa nyembamba na majirani waliigawana. Jirani mmoja anayepakia usiku na mchana aliweza kuwaumiza wengine. Msongamano ni tatizo la kweli.

Lakini suluhisho la kweli lilikuwepo, na walioliweka ni Comcast haohao, baada ya kubanwa! Mwezi wa Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwa kura 3 kwa 2 kwamba waache. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa wamehamia utaratibu mwingine, ulioelezwa baadaye wazi katika waraka wa RFC 6057 wa mwaka 2010. Utaratibu huo haukuangalia itifaki hata kidogo. Uliangalia kwanza kama sehemu ile ya mtandao ilikuwa inakaribia kujaa. Kama ndiyo, mteja aliyetumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi yake kwa dakika 15 alirudishwa nyuma kidogo kwenye foleni, mpaka matumizi yake yashuke chini ya asilimia 50 kwa dakika 15. Hakuna aliyefungua kifurushi. Hakuna aliyeghushi mwandiko. Na kanuni imechapishwa, kila mtu anaweza kuisoma.

Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani. Iliwezekana tangu 2008.

Je, sheria zitatulinda? Tazameni walikofika wenzetu. Mwaka 2010 mahakama ilitengua uamuzi ule wa FCC, ikisema tume haikuwa na mamlaka hayo. Mwaka 2015 kanuni mpya zikapitishwa, 2017 zikafutwa, 2024 zikarudishwa, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa tena. Wateja wa Comcast waliofungua kesi walipata suluhu ya dola milioni 16, ambapo mtu mmoja aliweza kudai hadi dola 16. Sheria nazitaka, lakini zinapanda na kushuka kama bei ya unga. Kilichowakamata Comcast mwanzoni hakikuwa sheria. Alikuwa ni mteja mmoja mkaidi aliyekataa kuambiwa azime ruta awashe.

Hapa kwetu tumezoea kile wanachokiita "matumizi ya haki": ukishavuka gigabaiti kadhaa, kasi inashushwa. Mimi sipingi kikomo. Nikiuziwa gigabaiti 500, niambiwe ni 500, nami nitapanga bajeti. Ninachodai kwa watoa huduma wetu ni mambo matatu tu, tena ya bure. Mosi, andikeni kwenye mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka, ni lini mnapunguza kasi na kwa kiasi gani. Pili, mkibana, baneni kwa wingi wa matumizi wakati wa msongamano, msibane kwa aina ya mzigo. Tatu, mteja akiuliza, mjibuni ukweli. "Ndiyo, tunabana torenti saa za jioni" ni jibu baya, lakini ni jibu. Nitaamua mwenyewe nihame au nibaki.

Na ninyi wasomaji, msikae mkilalamika tu. Pimeni. Faili moja, saa moja, kwa njia mbili au tatu, na muandike matokeo. Kuna programu ya simu iitwayo Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern kule Marekani, ambayo hulinganisha kasi ya huduma mbalimbali ili kuona kama kuna inayobaguliwa. Wenye kujua Wireshark, tazameni kama kuna RST zinazoingia zisipotarajiwa. Mkipata kitu, niandikieni. Vipimo vya mtu mmoja ni malalamiko. Vipimo vya watu hamsini ni hoja, na hapo "zima ruta uwashe" haitatosha tena kuwa jibu.

Mwezi ujao narudi kule shuleni. Faili mpya tayari iko kwenye flashi, na torenti yake nimeiacha wazi usiku kucha ili niwapakie wengine. Nikiitazama sasa hivi, inatoka kilobaiti 9 kwa sekunde.

Nitaendelea kupima.