Taa ya Kucha Haifugi Kinyonga

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara nne kwa inboksi: "Bro, ninunue UVB gani ya kinyonga?" Mmoja wenu wa Nyamira amenitumia hadi picha ya ile taa ya saluni ya kukaushia kucha za jeli. Ati imeandikwa UV, si itafanya? Wasee, hapana. Na najua mnaniuliza mimi kwa sababu ya ile video yangu ya kinyonga ndani ya tangi la samaki, kwa hivyo wacha kwanza niwaambie kilichofuata baada ya video.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, niko nyumbani karibu na Keroka, mfukoni hamna kitu, nina simu tu. Nikamtoa kinyonga kwa ua wa kayaba, nikamtia kwa tangi la kioo kando ya dirisha, na juu nikafunga balbu ya LED ya kawaida ndio atokee vizuri kwa kamera. Mama alikataa kabisa kupita karibu na hilo dirisha. Kwetu kuna watu wanamwogopa kinyonga kuliko nyoka, na hiyo ndiyo ilifanya video itembee. Nilimlisha panzi na nzi, nikampulizia maji, nikajiona mtaalamu. Mwezi wa tatu miguu ya mbele ikaanza kupinda. Akirusha ulimi haumfikii panzi. Nikambeba hadi duka la dawa za mifugo, wakacheka, mmoja akatoka nje mbio. Nikamrudisha kwa ua. Siku ya pili nikamkuta chini, siafu wameshafika.

Alikuwa na matege, vile mtoto asiyeanikwa juani hupata. Na alikuwa amekaa kando ya dirisha lenye jua, Kisii, mahali ambapo hata digrii moja hatujafika kusini ya ikweta, tena tuko juu kama mita 1,700.

Shida ni kioo. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini UVB karibu yote hubaki nje. Na UVB ndiyo hufanya ngozi ya kinyonga itengeneze vitamini D3, ile inayosaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwa chakula. Ikikosekana, mwili unaanza kukopa kalsiamu kwa mifupa yake wenyewe. Hata ungemlisha panzi ndoo nzima.

Sasa turudi kwa taa. Taa ya kucha ni UVA. Ile ya dukani ya kukagua noti bandia, UVA pia. Zile za kuua viini ni UVC, na hizo zitamchoma macho yeye na wewe. LED ya kwa nyumba haina chochote cha kumsaidia. Wenye kufuga vinyonga Ulaya na Marekani hutumia mrija mrefu wa T5 uliotengenezewa reptilia, unaotanda juu ya kizimba cha wavu, si cha kioo, saa 12 kwa siku, na matawi ya kutosha ili apate pa kujificha. Vile vibalbu vidogo vya kujikunja huangaza sehemu ndogo tu. Halafu mrija wenyewe hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado unawaka, kwa sababu UVB hupungua kabla macho yako hayajaona tofauti. Mrija wa wati 24 ukiwaka hivyo unakula karibu uniti 9 za tokeni kwa mwezi. Stima ikipotea, na mnajua Kisii mvua ya saa tisa na stima hazipatani, basi.

Hiyo gharama yote ni ya kuigiza jua ambalo kinyonga wa kwa ua wenu anapata bure. Ndiyo maana swali la "taa gani" linanikera kidogo likitoka Nyamira. Anayeishi London hana jua la kutosha. Wewe unalo, unataka kumtoa kinyonga kwa jua halafu ununue taa ya kumrudishia.

Na yeye anajua kuchagua kuliko sisi. Gary Ferguson na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kinyonga pantha wa Madagaska akipewa chakula chenye vitamini D kidogo, hujianika zaidi kwenye UVB; akiwa nayo ya kutosha, hupunguza. Kwa tawi anaweza kufanya hivyo. Kwa tangi langu angeenda wapi?

Kuna atakayesema, mbona wazungu wanafuga wale wetu wa pembe tatu? Ni kweli, Kenya iliwauza nje kwa wingi hadi ikafunga biashara hiyo 1981. Mwaka 1972 wachache walipelekwa Hawaii na mwenye duka la wanyama, wakaishia msituni, na leo wamejaa huko, wanakula wadudu na konokono wa watu. Sitaki kusikia hiyo ikiitwa mfano mzuri. Hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali ndio umweke mnyama wa porini kwako, na anayekitoa ni KWS, si mimi. Bila hicho ni faini au jela. Mimi sikujua, na kutojua hakungenisaidia mbele ya hakimu.

Kama ni kontenti unatafuta, ua uko hapo. Asubuhi, jua likitoka, anapanda juu ya majani akiwa mweusi ili apate joto, halafu anageuka kijani ukimwangalia. Simu yoyote inashika hiyo. Usimguse, usivunje tawi, subiri tu.

Ile video ya tangi nimeitoa jana usiku. Ndiyo ilikuwa inaongoza kwa watazamaji. Kesho saa moja niko kwa kayaba na simu, mvua ikikubali.