Mfumo Umefika Mchinga, Fundi Bado Yuko Dodoma

Mwalimu au muuguzi wa Mchinga, mkoani Lindi, akifungiwa akaunti yake ya ESS, mfumo wa watumishi wa umma kujihudumia, hajakosa paswedi tu. Humo ndimo anamoombea likizo, uhamisho na mkopo wa benki. Humo ndimo anamojaza PEPMIS, tathmini ya utendaji iliyochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Akaunti ikigoma, utumishi wake umegoma. Hapo huanza mzunguko anaoujua kila aliyewahi kuomba msaada wa kompyuta: kupiga simu na kusubiri, kujieleza upya kwa kila anayepokea, kuambiwa azime kisha awashe, kuambiwa atume barua pepe, na mwisho wa yote: “Mtandao unasumbua, jaribu kesho.”

Jibu hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana linamficha mwenye kosa. Huenda mnara umekosa umeme. Huenda seva imezidiwa kwa sababu nchi nzima inakimbizana na tarehe ileile ya mwisho. Huenda jina la mtumishi linatofautiana herufi moja na lililoko NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa. Kila kasoro kati ya hizo ina mtu anayepaswa kuirekebisha, lakini ikishasukumiwa mtandao, basi imekuwa kama mvua, haina wa kuulizwa.

Ziko siku ambazo jibu hilo ni la kweli. Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kwa watu wa mwambao wa Lindi na Kilwa hilo lilikuwa pigo la pili, kwani siku chache nyuma Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeleta mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ambaye pia alikuwa mbunge wa Mtama hukohuko Lindi, alijitokeza kueleza kilichotokea. Mkongo ukikatika, waziri hueleza. Akaunti ya muuguzi mmoja ikifungwa, anayeambiwa ajieleze ni muuguzi.

Wanaotaka funguo zote za akaunti hizi zibaki makao makuu Dodoma wana hoja nzito. Mwaka 2016 Serikali iliondoa maelfu ya watumishi hewa kwenye orodha ya mishahara, na mwaka uliofuata uhakiki ukawataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nchi iliyoibiwa kiasi hicho haiwezi kulaumiwa kwa kubana. Ila tusichanganye mambo. Kumfungulia akaunti mtumishi ambaye tayari yumo kwenye orodha si sawa na kuongeza jina kwenye orodha. Tena afisa utumishi wa Manispaa ya Lindi, anayeweza kumwona mtu uso kwa uso na kushika kitambulisho chake, ni mlinzi bora kuliko sauti ya mbali inayouliza tarehe ya kuzaliwa. Mfumo utunze kumbukumbu ya nani kafungua nini na saa ngapi, wizi utaonekana. Mambo kadhaa humalizwa na halmashauri hata sasa. Shida ni yale yanayopandishwa juu, ambayo mlalamikaji hajui yamefika kwa nani wala yatashuka lini.

Vishikwambi navyo ni vilevile. Baada ya Sensa ya 2022 vingi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, jambo jema kabisa. Lakini kioo kikipasuka au betri ikifa, nani anatengeneza, kwa fungu lipi? Mvuvi wa Mchinga hanunui injini ya boti kabla ya kuuliza fundi yuko wapi na vipuri vinapatikana wapi. Serikali inaponunua kwa niaba yetu, swali hilo huja mwisho, kama linakuja.

Na gharama? Bando ni la mtumishi. Nauli ya kwenda Lindi mjini na kurudi ni yake. Siku ya kazi inapotea kwa wanafunzi au kwa wagonjwa wa zahanati. Hakuna kitabu cha hesabu kinachoandika hasara hizo, ndiyo maana mfumo huonekana umeokoa fedha: karatasi zimepungua makao makuu, na mzigo umehamia kwa mtu wa mwisho. Huo si uokoaji.

Sipendekezi turudi kwenye majalada. Aliyewahi kusafiri hadi makao makuu kutafuta faili lililopotea hatayatamani. Ninachodai ni vitu viwili vidogo. Kwanza, kila tatizo linaloripotiwa lipewe namba na jina la afisa anayelishughulikia, na siku za kusubiri zisihesabiwe dhidi ya mtumishi: kama PEPMIS inafungwa Ijumaa na akaunti imegoma tangu Jumatatu, muda wake uongezeke wenyewe bila barua ya kuomba. Pili, kila halmashauri itangaze matatizo mangapi yaliripotiwa na yalichukua siku ngapi kutatuliwa, kama inavyobandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Wabunge wa Lindi na Mtwara, bajeti ya Utumishi itakapofika mbele yenu, msiulize mifumo mingapi imejengwa. Ulizeni ikiharibika inatengenezwa baada ya siku ngapi, na nani analipa wakati tunasubiri.