Mgeni wa machimboni aonyeshwe Usukuma, si duara peke yake

Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, inajulikana nchini kwa jambo moja: dhahabu. Habari za rashi, yaani za dhahabu mpya kuonekana, zikisikika, vijana hufika kutoka Mara, Kagera, Kigoma na kwingineko, na katika migodi mikubwa ya ukanda huu, kama Bulyanhulu na Geita, wapo wataalamu waliotoka mabara mengine. Mgeni akifika huelekezwa upesi lilipo duara, yaani shimo la kuchimbia, ilipo karasha ya kusagia mawe, ulipo mwalo wa kuoshea, gesti ya kulala na mamantilie wa kumpikia. Maelekezo yanaishia hapo. Anaweza kukaa miaka mingi, akachuma na kuondoka bila kuwahi kutazama mashindano ya ngoma za Wasukuma, na bila kujua ardhi aliyokuwa akiikanyaga ina utaratibu gani. Tumeuzoea ugeni wa namna hii hata hatuuoni tena kuwa ni tatizo. Ni tatizo, na kulitatua ni kazi ya halmashauri na ya wenye leseni za madini. Tusimwachie mgeni ajitafutie mwenyewe kwa bahati.

Historia ya kanda hii inatupa mfano wa Wakanada wawili waliofika kufanya kazi. Mjiolojia John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940 akajenga mgodi uliovuma duniani. Almasi ya waridi iliyopatikana hapo ilikuwa zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Kuzunguka mgodi huo ulikua mji wenye nyumba, shule na hospitali, lakini ulikuwa mji wa ndani ya uzio, na kuingia kulihitaji kibali. Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika yeye alikwenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Katika miaka ya 1950 alianza kujenga kanisa lenye alama za Usukuma, akakusanya ngoma, viti vya watemi na zana za waganga na za wakulima. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma, na leo mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa mjini huenda pale kuona ngoma za watemi wa babu zake. Simdharau Williamson, ajira alizozileta zililisha familia nyingi. Ninachosema ni kwamba mgeni aliyejifunza kwa wenyeji aliwaachia wenyeji hao hazina ambayo mgodi, hata uwe tajiri vipi, hauwezi kuitoa.

Faida yenyewe haiko kwenye makumbusho tu. Chukua ngitili, eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Shinyanga ilikuwa imebaki tupu baada ya miaka ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ikaujenga mpango wake juu ya desturi hiyo ya wafugaji. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti na nyasi, na mafanikio hayo yakatambuliwa kimataifa. Sasa mfikirie mchimbaji aliyefika juzi anayehitaji magogo ya matimba ili kuta za duara zisimwangukie. Asipoambiwa ngitili ni nini, ataona pori lisilo na mwenyewe. Atakata, mwenye ng'ombe atakuja juu, na ugomvi utapelekwa kwa mtendaji wa kijiji au kwa sungusungu. Sehemu ya ugomvi huo ingezuilika kwa mazungumzo ya asubuhi moja.

Zipo pia furaha za kawaida zinazompita mgeni bila sababu. Baada ya mavuno, hasa kuanzia Juni, Usukuma huingia msimu wa ngoma. Vyama viwili vikongwe, Bagika na Bagalu, hushindana kwa namna ya pekee: makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana utamwona mchezaji wa bugobogobo akirusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza mapigo, na wengine wakicheza na chatu shingoni. Mtazamaji ndiye hakimu, na anapiga kura kwa miguu yake. Huko Bujora sikukuu ya Bulabo huwakutanisha wachezaji hao kila mwaka. Siku ya mnada utakuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ili kuvuka kiangazi, na mama anayeviuza atakueleza tofauti yake ukimsalimia tu vizuri.

Wapo watakaosema watu huja Mwakitolyo kutafuta fedha, hawakuja kutazama ngoma, na kwamba fedha za umma zitangulie kwenye maji, zahanati na madawati. Nakubali maji yatangulie. Lakini ninachodai hakishindani na kisima: ni kumtumia mzee wa mila na kijana anayeongoza wageni, siku chache kwa mwaka, kwa posho ya kawaida. Wengine wanahofia kuwa utamaduni ukiandaliwa kwa ajili ya wageni utageuka bidhaa. Hofu hiyo ina msingi pale ngoma inapochezwa hotelini kwa dakika kumi. Haina msingi pale mgeni anapopelekwa kwenye ngoma ambayo ingechezwa hata asipokuwepo, iliyopangwa na wenyewe kwa kalenda yao. Na anayesema Mtanzania hawezi kuwa mgeni Tanzania atakuwa amesahau jinsi kijana wa Kigoma anavyohangaika kijiji kizima kinapozungumza Kisukuma kitupu.

Nchi nyingine hazikuliacha jambo hili lijiendee. Uholanzi ilitunga mwaka 1998 sheria ya kuwafunza wageni lugha na maisha ya nchi, na tangu 2022 manispaa ndizo zinazomwandalia kila mgeni husika mpango wake. Hata hivyo wataalamu wanaoajiriwa kwa mishahara mikubwa kwa kawaida hawabanwi na wajibu huo, na hilo ni kosa tusiloliiga, kwa kuwa mwenye kipato kikubwa ndiye anayeweza kuishi ndani ya uzio pasipo kumhitaji jirani. Jambo la kuiga ni siku yao ya wazi ya majengo ya kihistoria, ambayo tangu 1987 hufungua maelfu ya milango kila Septemba kwa wakazi na wageni, mingi bila kiingilio.

Kwetu sheria imeshatoa nafasi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na halmashauri hizo hukusanya ushuru wa huduma unaotozwa kwa asilimia ya mauzo. Mipango hiyo iwe na kifungu cha ukaribisho: kila mfanyakazi mpya, mgeni wa nje au wa ndani, afundishwe salamu za Kisukuma, mipaka ya ngitili na taratibu za kijiji kabla ya kukabidhiwa kofia ngumu. Msimu wa ngoma, usafiri wa kwenda Bujora uandaliwe kama unavyoandaliwa wa kwenda kwenye mpira. Kwa wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo wasio na kampuni, ofisi ya kata na viongozi wa machimbo wanatosha kuanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe machimboni tumemkabidhi siku ileile aliyoshuka. Mengine ya mwenyeji bado anatudai.