DOGO AKIPIGA MKWANJA NI "KICHWA", AKIPIGANIA ELIMU YA BURE NI "MWIZI"!

Wadau, ukweli usemwe leo. Kila wiki lazima kuna ukurasa unarusha picha ya tajiri wa teknolojia na maneno makubwa chini yake: "Aliacha chuo, sasa ni bilionea." Laiki zinamiminika, vijana wanashea. Ila likitajwa jina la Aaron Swartz, kimyaaa! Na akitokea wa kujibu, anajibu neno moja: mwizi.

Haya, huyo "mwizi" ni nani? Alizaliwa Novemba 1986, jimbo la Illinois, Marekani. Akiwa na miaka 14 tu alikuwa kwenye kundi lililoandika RSS 1.0, mfumo wa kukuletea habari mpya za tovuti bila wewe kuzizungukia moja moja. Wenzake humo walikuwa watu wazima. Muda si mrefu akasaidia kujenga upande wa kiufundi wa Creative Commons, leseni zinazomruhusu mtu kutoa kazi yake itumiwe na wengine. Mwaka 2004 akaingia chuo cha Stanford, akaacha baada ya mwaka mmoja. Kampuni yake ndogo ikaungana na Reddit, na 2006 Reddit ikanunuliwa na kampuni kubwa ya majarida. Dogo akashika mkwanja kabla hajatimiza miaka 20.

Mpaka hapo stori tamu, si ndiyo? Mpaka hapo ni "kichwa".

Balaa lilianza alipogeuzia akili yake upande wa watu wasio na hela. Mwaka 2008 alishusha kurasa karibu milioni 20 za kumbukumbu za mahakama za Marekani. Ni nyaraka za umma, lakini zilikuwa zinatozwa senti 8 kwa kila ukurasa. FBI wakamchunguza, hakushitakiwa. Mwishoni mwa 2010 akatumia mtandao wa chuo cha MIT kushusha mamilioni ya makala za kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR. Januari 6, 2011 akakamatwa.

"Sheria ni sheria," wanasema. Sawa, kompyuta aliificha kwenye chumba cha nyaya na ruhusa hakuomba. Lakini makala zile hakuuza hata moja. JSTOR wenyewe walirudishiwa faili zao wakasema hawana haja ya kumshitaki. Na watafiti walioziandika, kwa kawaida jarida haliwalipi hata senti. Sasa aliyeibiwa ni nani?

Waendesha mashitaka wa serikali ndio walikomaa. Mashitaka yakafika 13, yenye vifungo ambavyo kwenye karatasi vilihesabika kwa miongo. Pembeni wakamwekea ofa: kubali kosa, ukae ndani miezi 6. Akakataa. Hebu pigeni hesabu wenyewe. Kama miezi 6 ilimtosha, ile miongo ilikuwa ya nini? Hiyo ilikuwa fimbo ya kumtisha mtu asiende kujitetea mahakamani.

Kesi ikiwa shingoni, bado alikuwa mstari wa mbele kupinga SOPA, muswada ambao ungerahisisha kufungia tovuti. Januari 2012 ukakwama. Januari 11, 2013 Aaron alijitoa uhai, akiwa na miaka 26. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, na asitokee mtu kujifanya anajua yote yaliyokuwa moyoni mwake. Kinachojulikana ni kwamba siku mbili tu kabla, JSTOR ilitangaza kuwa mtu yeyote anaweza kujisajili na kusoma makala chache bure. Na mashitaka? Yakafutwa, mshitakiwa yuko kaburini.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Mwanafunzi wa Mbeya au Mombasa anayeandika ripoti ya utafiti anafungua makala kuhusu malaria, ugonjwa uliopo mtaani kwake, anakutana na ukuta: lipa dola 30. Bando lenyewe kaungaunga! Ukuta huo ndio Aaron alikuwa anaugombania.

Kwa hiyo acheni kupima kichwa cha dogo kwa gari analoendesha. Ulizeni kafungua mlango gani, na nani kapita. Mwenye kumwita mwizi uwanja ni wake, ila aje na jibu la ile miezi 6.