Lawama ni ya Gunia, Si ya Mpakizi

Siku za soko mjini Taveta, malori hupakiwa ndizi za Mahoo, na mahindi yaliyovuka mpaka wa Holili hushushwa na kupakiwa tena, karibu yote kwa migongo ya vijana. Gunia la mahindi tulilolizoea lina kilo 90. Tangu 1967, Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nao wataalamu wa Marekani huweka kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na kifua na mwinuaji hajajipinda. Mpakizi akiumia, huambiwa hakukunja magoti. Lakini tafiti zilizolinganisha waliofundishwa kuinua mizigo na wasiofundishwa hazikuona maumivu ya mgongo yakipungua kwa sababu ya mafunzo peke yake. Kinachoumiza ni uzito, na uzito huamuliwa na anayefunga gunia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumjeruhi. Tabu ni kwamba sheria hiyo inamtafuta mwajiri, ilhali mpakizi wa sokoni huwatumikia wafanyabiashara kadhaa kwa siku moja, na jioni kila mmoja wao humwona kibarua wa mwenzake. Ndiyo maana kikomo kinapaswa kuwekwa kwenye gunia lenyewe. Jambo hilo si geni: kanuni za viazi za Kenya za 2019 ziliweka mwisho wa kilo 50 kwa gunia, na Tanzania imepiga marufuku lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi. Hatua hizo zilikusudiwa hasa kumlinda mkulima asipunjwe. Mbebaji naye anastahili ulinzi huo.

Wapo watakaosema magunia madogo yataongeza gharama. Ni kweli, magunia yatakuwa mengi zaidi, ila leo gharama ya mzigo mzito hulipwa na familia ya aliyelala kitandani bila ujira. Hoja nzito zaidi ni ya wapakizi wenyewe: wakilipwa kwa gunia na bei kwa kila gunia ikashuka, watabeba mara nyingi zaidi kwa pesa zile zile. Basi malipo yahesabiwe kwa tani, na viwango vibandikwe sokoni. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta ndiyo yenye mamlaka juu ya masoko na ndiyo inayotoza ushuru wa mazao. Ianze na Taveta, ikatae kupokea ushuru wa gunia lolote linalozidi kilo 50.